Jemadari Wu Qi: kwa nini maadui walimwogopa, na kwa nini aliuawa na watu wa upande wake

#1 – Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kila mjadala wa mashujaa wa China ya kale unapofunguliwa, majina yanayotajwa huwa ni yale yale: Sun Tzu kwa upande wa fikra, Lü Bu na Guan Yu kwa upande wa nguvu za mkono. Leo naomba tumjadili mtu aliyeunganisha pande hizo mbili na ambaye Wachina wa kale wenyewe walimweka bega kwa bega na Sun Tzu, kiasi kwamba mwanafalsafa Han Fei, katika karne ya 3 KK, aliandika kwamba vitabu vya Sun na vya Wu vilikuwa vimehifadhiwa katika kila nyumba. Huyo Wu ndiye Wu Qi. Alizaliwa karibu mwaka 440 KK katika kidola kidogo cha Wey, ambacho kisichanganywe na dola kubwa la Wei alilokuja kulitumikia, akauawa mwaka 381 KK katika dola la Chu, kusini.

Zama zake zinaitwa Zama za Madola Yanayopigana. Ufalme wa Zhou ulikuwa umebaki jina tu, na madola makubwa saba yalikuwa yakimezana, hali iliyoendelea hadi Qin ilipoyashinda yote mwaka 221 KK. Wu Qi aliongoza majeshi ya madola matatu, Lu, Wei na Chu, na katika yote matatu habari za vita vyake ni habari za ushindi. Kitabu kinachobeba jina lake kinasema kwamba alipigana vita vikubwa 76, akashinda kabisa 64, na vilivyobaki vikaisha bila mshindi. Hesabu ya namna hiyo imeandikwa na watu waliompenda, kwa hiyo kila mtu aipokee kwa kadiri yake. Lakini hata waliomchukia hawakuwahi kusema kwamba alishindwa vitani. Mtawala Wen wa Wei alipomwuliza mshauri wake Li Ke kuhusu mtu huyu, Li Ke alimjibu kwamba Wu Qi ana tamaa na anapenda wanawake, ila katika kuongoza jeshi hata Sima Rangju, jemadari aliyekuwa mfano wa majemadari wote, hamzidi. Mtawala akampa kazi. Wu Qi akaipiga Qin na kuiteka miji mitano, kisha akawekwa kuwa gavana wa Xihe, nchi iliyo magharibi ya Mto Manjano, mpakani kabisa na Qin.

Sasa kuna tukio moja ambalo kwangu ndilo mlango wa kumwelewa, na limeandikwa na mwanahistoria Sima Qian takribani karne tatu baadaye. Wu Qi alikula chakula kile kile cha askari wa chini kabisa na kuvaa nguo zile zile. Alipolala hakutandika mkeka, alipokuwa safarini hakupanda farasi wala gari, na posho yake ya nafaka aliibeba mwenyewe. Askari mmoja akapata jipu, na jemadari akainama akalifyonza usaha kwa mdomo wake. Mama wa askari yule aliposikia, aliangua kilio. Watu wakashangaa, wakamwambia kwamba mwanawe ni askari wa kawaida tu na jemadari mwenyewe amemfyonza jipu, sasa analia nini? Mama akajibu kwamba mwaka uliotangulia bwana Wu alimfyonza jipu baba wa kijana huyu, na baba yule akapigana bila kurudi nyuma hata hatua moja mpaka akafa mikononi mwa adui. Sasa amemfyonza mwana, na yeye hajui mwanawe atafia wapi.

Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba mama yule aliielewa falsafa ya Wu Qi kuliko wengi walioandika juu yake. Watu humtaja kama katili aliyetisha kwa sababu ya damu aliyomwaga. Mimi naona kilichotisha ni deni. Wu Qi alijua namna ya kumfanya mtu ajione anadaiwa, na askari anayejiona anadaiwa na jemadari wake hahitaji kusukumwa kwa kiboko. Adui aliyekutana na jeshi lake alikutana na maelfu ya watu waliokuja kulipa. Karibuni tujadili, na mwenye hoja ya kunipinga aje nayo.

#2 – Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa mada nzito, lakini umempamba mno bwana huyu na umeruka jambo ambalo kila anayemjua Wu Qi analijua. Alimwua mke wake. Alipokuwa Lu, dola la Qi lilipovamia, wakubwa wa Lu walitaka kumpa jeshi lakini wakasita kwa sababu mkewe alikuwa mtu wa Qi. Akamwua mwanamke wa watu ili apewe cheo. Tena inasemekana alipokuwa kijana aliwaua watu zaidi ya 30 wa kwao kwa kuwa walimcheka baada ya kuimaliza mali ya familia akitafuta kazi serikalini, akauma mkono wake mbele ya mama yake na kuapa kwamba hatarudi nyumbani mpaka awe waziri, na mama alipofariki hakwenda hata kumzika. Mwalimu wake akamfukuza. Mtu wa namna hiyo tunajifunza nini kwake? Hilo deni unalolisema mbona hakulitambua kwa mama aliyemzaa?

#3 – Mwanzisha uzi

Swali lako ni la haki, ndugu yangu, na sitalikwepa. Nitalijibu kwa kutazama habari zenyewe zimetoka wapi.

Mauaji ya watu 30, kiapo cha kuuma mkono na mama kutozikwa, yote hayo katika kitabu cha Sima Qian hayasemwi na mwandishi mwenyewe. Yamo ndani ya maneno ya mtu wa Lu aliyekuwa akimsengenya Wu Qi mbele ya mtawala, na Sima Qian anatuambia wazi kwamba yalikuwa maneno ya fitina. Msengenyaji yule alikuwa na lengo, akalifikia: Wu Qi aliondolewa kazini muda mfupi tu baada ya kuwashinda Qi. Sisemi kwamba ni uongo mtupu. Nasema ni ushahidi wa adui, na hakimu yeyote angetaka kujua shahidi ana ugomvi gani na mshtakiwa.

Habari ya mke ina uzito zaidi, kwa kuwa hiyo Sima Qian anaisimulia kwa kauli yake. Hata hivyo tunayo habari nyingine ya zamani zaidi kuhusu mke wa Wu Qi, nayo ni ya Han Fei. Huko Wu Qi anamwagiza mkewe afume utepe wa hariri kwa upana maalumu. Utepe unatoka mwembamba kuliko kipimo. Anamwambia aurekebishe, mke anaitika, lakini unapopimwa tena bado haujafika, naye mke anaeleza kwamba nyuzi za mtande alizianza hivyo na haziwezi kubadilishwa tena. Wu Qi anampa talaka. Mwanamke anakwenda kwa kaka yake kuomba amsaidie arudishwe, na kaka anamwambia asitumaini, kwani Wu Qi ni mtu wa sheria, anataka sheria zake zifanye kazi katika dola kubwa, kwa hiyo ni lazima azitimize kwanza kwa mke wake.

Habari hizi mbili si lazima ziwe za mwanamke mmoja, na hakuna anayeweza leo kuthibitisha ipi ilitokea. Lakini zote zinamchora mtu wa sura moja: anayeweza kuikata nyumba yake ili ajenge jina lake. Hapo nakubaliana nawe kabisa, tena kwa uchungu. Kama alimwua, alimwua mtu asiye na hatia, na ushindi wake dhidi ya Qi haumsafishi. Ninachokataa ni kuishia hapo, kwa sababu katili walikuwa wengi katika zama zile na wengi wao tumewasahau. Huyu alisomwa kwa zaidi ya miaka 2,000, na mwaka 1080, chini ya ufalme wa Song, kitabu chake kilikusanywa pamoja na vingine sita vikawa mtaala rasmi wa kusomeshea maofisa wa jeshi. Inafaa tujue walisoma nini humo.

#4 – Mchangiaji mwingine

Mkuu, ningeomba basi utueleze falsafa yenyewe ya kupigana. Tumezoea kusikia mashujaa wa China wakisifiwa kwa upanga, kwa kuruka farasini, kwa kupambana mmoja na mmoja. Wu Qi alisema nini kuhusu ushujaa?

#5 – Mwanzisha uzi

Hapo ndipo penye utamu, ndugu, na naomba uvumilivu kwa sababu nitaandika kwa kirefu.

Wu Qi hakuuthamini sana upanga wa jemadari. Kuna kitabu kingine cha kale cha kijeshi, Wei Liaozi, kinachosimulia kwamba siku moja kabla ya vita watu wa karibu walimletea upanga, akaukataa. Akasema kazi ya jemadari ni kushika bendera na ngoma, kukata shauri wakati wa mashaka na kuwaongoza watu wenye silaha. Kushika upanga mmoja si kazi ya jemadari. Kitabu hicho hicho kinasimulia kisa kingine. Jeshi la Wu Qi lilikuwa limejipanga kuwakabili Qin, vita havijaanza, na askari mmoja akashindwa kuuzuia moyo wake. Akachomoka peke yake, akawarukia maadui, akarudi na vichwa viwili. Wu Qi akaamuru akatwe kichwa palepale. Ofisa mmoja akamtetea kwamba huyu ni askari hodari, asiuawe. Wu Qi akajibu kwamba ni kweli ni hodari, lakini hilo halikuwa agizo lake. Akauawa.

Tukio hilo ni zito na mimi silisomi bila kutetemeka. Lakini lisome pamoja na kile anachokisema katika kitabu chake, kwamba watu wa kawaida wanapompima jemadari huangalia ushujaa, ilhali ushujaa ni sehemu moja tu kati ya nyingi za ujemadari, kwa sababu shujaa huingia vitani bila kufikiri, na anayeingia vitani bila kujua faida iko wapi hafai. Mambo matano ndiyo anayoyadai kwa jemadari. Awatawale wengi kama anavyotawala wachache. Atokapo langoni awe kama anayemwona adui mbele yake. Akikabiliana na adui asifikirie kuishi. Akishinda abaki na tahadhari kama vile vita ndiyo kwanza vinaanza. Na amri zake ziwe fupi zisizochosha. Hilo la nne ndilo linalonishangaza zaidi, maana majeshi mangapi yameangamia usiku wa kusherehekea?

Kuhusu hofu yenyewe, anatoa mfano wa mhalifu aliyekwisha kukata tamaa ya kuishi, amejificha katika mbuga tupu, na watu 1,000 wanamsaka. Wote 1,000 wanageuza macho huku na huku kama bundi na mbwa mwitu, kila mmoja akihofu kwamba mtu yule ataibuka ghafla na kumdhuru yeye. Kwa hiyo mtu mmoja aliyeyatupa maisha yake anatosha kuwatia hofu 1,000. Akasema uwanja wa vita ni mahali pa maiti, na kwamba aliyekubali kufa ataishi, na anayebahatisha kuishi atafa. Wu Qi alitaka jeshi zima liwe kama mhalifu yule. Sasa swali ni hili: unampataje askari wa kukubali kufa, ikiwa yeye ni mkulima aliyeacha shamba na watoto?

Jibu lake liko katika sura ya mwisho ya kitabu. Anamshauri Mtawala Wu, mwana wa Mtawala Wen, aandae karamu katika ua wa hekalu la mababu na kuwapanga watu kwa safu tatu. Waliofanya makubwa vitani wakae mbele, wapewe nyama bora na vyombo vya thamani. Waliofanya kiasi wakae katikati na vyombo pungufu. Wasio na jambo walilofanya wakae nyuma, wapate chakula lakini vyombo vya thamani wasipate. Karamu ikiisha, nje ya lango wazazi na wake wa waliofanya makubwa nao wapewe zawadi kwa kadiri ile ile. Tena kila mwaka wajumbe watumwe kwa baba na mama za waliokufa vitani kuwapelekea zawadi, ili waone kwamba hawakusahauliwa. Kitabu kinasema jambo hilo lilifanywa kwa miaka mitatu, na Qin walipotoa jeshi kuelekea Xihe, askari wa Wei kwa makumi ya maelfu walivaa deraya na kujitokeza wenyewe kabla maofisa hawajawaamuru.

Hapo ndipo ninapoliona deni likifanywa kuwa taasisi. Jipu lilikuwa la mtu mmoja. Karamu ni ya dola zima.

Yapo pia mambo madogo yanayoonyesha mtu aliyewahi kukaa kambini. Alipoulizwa kuhusu farasi, alieleza kwamba mazizi yao yawe na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto, manyoya ya shingo yakatwe, kwato zichongwe kwa uangalifu, macho na masikio yao yazoeshwe wasishtuke. Jua likiwa linazama na safari ikiwa bado ndefu, wapandaji washuke mara kwa mara, kwa maana afadhali mtu achoke kuliko farasi. Kuhusu mafunzo, alisema mmoja akijifunza vita afundishe 10, 10 wafundishe 100, hadi jeshi zima liive.

Na kuhusu mji uliotekwa, huyu anayeitwa mchinjaji aliagiza hivi: askari wasikate miti ya watu, wasibomoe nyumba, wasichukue nafaka, wasichinje mifugo, wasichome maghala, wenyeji waonyeshwe kwamba hakuna moyo wa ukatili, na wanaoomba kusalimu amri wapokewe na kutulizwa.

#6 – Mchangiaji

Mada imenoga. Naomba kuongeza jambo moja. Mara nyingi tunasikia kuhusu askari wa miguu wateule wa Wei, na wengi siku hizi husema Wu Qi ndiye aliyewaunda. Anayetupa maelezo yao ni Xunzi, mwanafalsafa wa karne ya 3 KK. Anasema askari wale walipimwa kwa kuvaa deraya ya vipande vitatu, kubeba upinde wa mtambo wenye nguvu ya shi 12 (shi ni kipimo cha kale cha uzito), mishale 50, silaha ndefu begani, kofia ya vita kichwani, upanga kiunoni na chakula cha siku tatu, kisha kwenda mwendo wa li 100 kwa siku (li ni kipimo cha kale cha umbali), yaani takribani kilomita 40. Aliyefaulu, nyumba yake ilisamehewa kodi na utumishi wa lazima, naye akapewa shamba na makazi mazuri.

Lakini Xunzi hakuwasifu! Alisema baada ya miaka michache nguvu za askari yule zinakwisha ilhali upendeleo aliopewa hauwezi kunyang'anywa, na anayekuja badala yake anadai vile vile, kwa hiyo nchi inakuwa kubwa na kodi inakuwa ndogo. Jeshi la namna hiyo, kwa maoni yake, linaihatarisha dola lenyewe. Sasa, mwanzisha uzi, hilo deni lako si lilikuwa na pande mbili? Askari anadaiwa na jemadari, lakini hazina ya dola nayo inadaiwa na askari.

#7 – Mchangiaji mwingine

Nami nina shaka na kitabu chenyewe. Orodha ya vitabu ya zama za Han, ufalme uliofuata baada ya Qin, inataja kitabu cha Wu Qi chenye sehemu 48, na sisi tunazo sita tu. Tena ndani yake kuna vita ambavyo Wu Qi anapewa magari 500 na wapanda farasi 3,000 dhidi ya askari 500,000 wa Qin. Wapanda farasi kwa wingi huo katika China ya wakati wake ni jambo gumu kulikubali. Habari zinazojulikana sana za mtawala wa China kuwavalisha askari wake nguo za watu wa nyika ili wapigane juu ya farasi ni za Mfalme Wuling wa Zhao, mwaka 307 KK, miaka zaidi ya 70 baada ya Wu Qi kufa. Tusije tukamsifu mtu kwa maneno yaliyoandikwa na wanafunzi wa wanafunzi wake.

#8 – Mwanzisha uzi

Nawashukuru nyote wawili, mmeinua kiwango cha mjadala.

Kuhusu kitabu: nakubali kwamba kalamu za baadaye zimepita humo, na hiyo hesabu ya 500,000 mimi pia siishiki. Ninachokitegemea ni kwamba vyanzo vilivyoandikwa na watu mbalimbali, wengine wakimpenda na wengine wakimchukia, vinakubaliana juu ya tabia moja. Chukua kisa cha Han Fei. Wu Qi akiwa gavana wa Xihe alitaka kuivunja ngome ndogo ya Qin iliyokuwa karibu na mpaka na kuwasumbua wakulima, lakini haikustahili kuitiwa jeshi. Akaegemeza nguzo ya gari nje ya lango la kaskazini, akatangaza kwamba atakayeihamishia nje ya lango la kusini atapewa shamba zuri na nyumba nzuri. Watu wakaona ni mzaha, hakuna aliyesogea. Baadaye mmoja akaibeba, na akapewa kama ilivyotangazwa. Kisha akaweka kiasi cha nafaka ya maharage mekundu nje ya lango la mashariki kwa masharti yale yale, na safari hii watu wakagombania. Ndipo akatangaza kwamba kesho ngome inashambuliwa, na wa kwanza kupanda ukuta wake atapewa cheo, shamba na nyumba. Ngome ikaanguka asubuhi moja.

Tazama mpangilio: kwanza ahadi inatimizwa mahali pasipo na hatari, kisha ndipo mtu anaombwa auhatarishe uhai wake. Hakuna kitu kinachofanana zaidi na ile karamu ya safu tatu, ingawa waandishi ni tofauti.

Kuhusu Xunzi, hoja ni kali na sina njia ya kuikwepa. Deni lina pande mbili kweli. Labda ndiyo maana Wu Qi mwenyewe, katika kitabu, haonekani kama mtu anayetamani vita vingi. Anasema katika zama hizi za vita, anayeshinda mara tano hupata maafa, mara nne huchakaa, mara tatu huwa kiranja wa madola, mara mbili huwa mfalme, na anayeshinda mara moja tu huwa mtawala wa dunia nzima. Waliopata dunia kwa ushindi mwingi ni wachache, waliopotea kwa huo ni wengi. Mtu aliyehesabu gharama ya kila ushindi ndiye anayeweza kusema hivyo. Anaongeza kwamba dola lisilo na mapatano ndani yake lisitoe jeshi, jeshi lisilo na mapatano lisitoke kambini, kikosi kisicho na mapatano kisisogee mbele.

Na kuna lile la mashuani, ambalo Sima Qian analisimulia. Mtawala Wu alikuwa akisafiri kwa mashua kwenye Mto Manjano, akageuka na kusifu milima na mito inavyoilinda Wei, akaiita hazina ya dola. Wu Qi akamkatiza: hazina iko katika wema wa mtawala, haiko katika ugumu wa njia. Akamtajia watawala wa kale waliokuwa na maziwa kushoto na kulia, milima mbele na nyuma, wakaanguka. Akamalizia kwamba bwana asipokuwa na wema, watu wote waliomo ndani ya mashua hii ni maadui zake. Kumwambia hivyo mtawala usoni, katikati ya maji, kulihitaji ushujaa kuliko kuleta vichwa viwili.

#9 – Mchangiaji wa #2

Nimesoma yote, na nakiri hoja zina uzito. Ila bado hujanijibu: kama alijua hivyo kuwafunga watu kwake, kwa nini aliishia kuuawa na watu wa upande wake? Na kwa nini aliondoka Wei?

#10 – Mwanzisha uzi

Swali hili nililingoja, na ndilo linaloipima hoja yangu.

Huko Wei aliondoka kwa sababu ya fitina. Waziri mkuu Gongshu, aliyekuwa ameoa binti wa mtawala, alimwogopa. Mtumishi wake akampa mbinu: mtawala ashauriwe kumjaribu Wu Qi kwa kumpa binti mwingine amwoe, maana anayetaka kubaki atakubali. Kabla ya hapo Gongshu amwalike Wu Qi nyumbani na kumchokoza mkewe ili amdharau mumewe mbele ya mgeni. Wu Qi akaona binti wa mtawala anavyomdhalilisha waziri mkuu, akakataa ndoa, na mtawala akaanza kumshuku. Ikabidi akimbie. Mkusanyiko mmoja wa maandishi ya karne ya 3 KK unasimulia kwamba alipofika mahali paitwapo Anmen alisimamisha gari, akageuka kuitazama Xihe na machozi yakamtoka, akasema haitachukua muda mrefu Xihe itakuwa mali ya Qin. Mwaka 330 KK Wei iliikabidhi nchi ile kwa Qin.

Huko Chu, Mfalme Dao alimpokea na kumfanya waziri mkuu. Akafuta vyeo visivyo na kazi, akawanyima ruzuku jamaa wa mbali wa ukoo wa kifalme, na kwa mujibu wa Han Fei aliagiza kwamba cheo na ardhi ya kabaila virudi kwa mfalme baada ya vizazi vitatu. Akiba iliyopatikana akaiweka kwenye mafunzo ya askari. Chu ikatisha tena: ikawatiisha Wayue wa kusini, ikayarudisha nyuma madola ya kaskazini, ikaipiga Qin. Lakini angalia tofauti. Kule Xihe, Wu Qi alitoa kwanza ndipo akadai. Huku Chu aliwanyang'anya makabaila na hakuwapa chochote cha kuwafunga kwake, na hakukaa muda wa kutosha kuwalea wengine wa kumlinda. Aliyekuwa akimlinda ni mfalme peke yake, na mwaka 381 KK mfalme akafa.

Makabaila wakamvamia siku ile ile, maiti ikiwa bado haijazikwa. Wu Qi akakimbilia ulipolazwa mwili wa mfalme. Ule mkusanyiko niliousema unaeleza kwamba alipaza sauti kuwa atawaonyesha jinsi anavyotumia jeshi, akachomoa mshale, akajilaza juu ya maiti na kuuchomeka mshale ule mwilini, akipiga kelele kwamba mawaziri wameasi dhidi ya mfalme. Mishale iliyomlenga yeye ikampata na mfalme. Sheria ya Chu iliadhibu kwa kifo ukoo mzima wa yeyote aliyeugusa mwili wa mfalme kwa silaha. Mfalme mpya alipomzika baba yake, aliitekeleza, na koo zaidi ya 70 zikafutwa.

Sima Qian, anayeyasimulia haya, anahuzunika kwamba mtu aliyemfundisha Mtawala Wu kuwa wema unashinda milima alikwenda Chu akaponzwa na ukali wake na uchache wa huruma. Mimi nakubaliana naye kuhusu Chu, ingawa naona ukali ule ule alikuwa nao hata Xihe, kama yule askari wa vichwa viwili angeweza kushuhudia. Kilichopungua Chu ni ule upande mwingine wa hesabu.

#11 – Mchangiaji wa #4

Na mageuzi yake je, yaliendelea baada ya kifo?

#12 – Mwanzisha uzi

Chu kwa sehemu kubwa yalizimika, mkuu, na koo zilizosalia zikaendelea kuishika nchi. Yaliyofanana nayo yalitekelezwa Qin karibu robo karne baadaye na Shang Yang, ambaye kabla ya kwenda Qin aliishi na kutumika Wei. Naye alianza kwa kuweka mti kwenye lango la soko na kumlipa dhahabu aliyeuhamisha, ili watu waamini kwamba serikali ikisema jambo inalitimiza. Shang Yang pia aliuawa baada ya mtawala wake kufariki, mwaka 338 KK, lakini sheria zake Qin haikuzifuta. Nikipata nafasi nitamfungulia uzi wake, kwa sababu kumchanganya humu kutatutoa kwa Wu Qi.